Burudani ya halali isiunyime mwili haki yake

Kila Ijumaa Waislamu wengi husoma Suratul Kahf, na humo hupitia kisa cha vijana waliolazwa na Mwenyezi Mungu pangoni miaka 300 na kuzidi 9. Wengi hustaajabia urefu wa usingizi ule, lakini aya ya 18 ina jambo jingine linalostahiki mazingatio. Mwenyezi Mungu anatueleza humo kwamba alikuwa akiwageuza upande wa kulia na upande wa kushoto. Wafasiri wamepokea kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba lau wasingegeuzwa, ardhi ingeila miili yao. Aliye na uwezo wa kuwahifadhi bila ya sababu yoyote alipenda kuwahifadhi kwa sababu, na sababu yenyewe ilikuwa kutouacha mwili ubaki katika hali moja.

Ndugu zangu katika imani, mazingatio hayo yanatuhusu sana sisi wakazi wa Nyanda za Juu Kusini. Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa nao umepita mita 1,500. Baridi ya Juni na Julai humfanya mtu, akishamaliza shughuli zake, atafute mahali pa kujikunyata. Mkulima wa Ismani au Rungwe aliyeshinda na jembe anastahiki kukaa, kwani mwili wake umekwisha kufanya kazi. Ama fundi cherehani, karani, dereva wa bajaji na mwenye duka wa Mwanjelwa au Miyomboni, hao wamekaa tangu asubuhi, na jioni huhama kiti cha kazi wakaenda kwenye kiti cha burudani.

Burudani zenyewe tunazijua. Wazee wana drafti na bao, vijana wana gemu za simu na mpira wa Ulaya katika mabanda ya video, na akina mama wana tamthilia za televisheni. Tuchukue mfano wa mpira. Katika miezi ya baridi ya Ulaya, Jumamosi ya Ligi Kuu ya England yaweza kuwa na mchezo wa saa 9:30 alasiri kwa saa zetu, mwingine wa saa 12 jioni na wa tatu wa saa 2:30 usiku. Anayeifuata yote mitatu hukaa kwenye benchi kuanzia alasiri hadi baada ya saa 4 usiku, karibu saa 7. Katika muda huo huingia wakati wa Alasiri, wa Magharibi na wa Isha.

Familia nyingi hazioni tatizo katika jambo hili. Mke husema afadhali mume wangu yuko kwenye drafti kuliko kuwa kwenye kilabu cha ulanzi. Mzazi husema afadhali mwanangu yuko sebuleni na gemu yake kuliko kuranda mitaani na wahuni. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, nasi hatuyapuuzi. Lakini kwa sababu jambo ni la halali, hakuna anayelipima. Mlevi huonywa na kila mtu, ilhali mcheza drafti huachwa akae mpaka miguu ife ganzi. Wanazuoni wametofautiana juu ya baadhi ya michezo ya kukaa, lakini hawakutofautiana kwamba mchezo wenye kamari, au unaompitisha mtu wakati wa Swala, hauna ruhusa. Zaidi ya hapo, Qur'an (2:195) inatukataza kujitia wenyewe katika maangamizo kwa mikono yetu.

Je, kukaa tu kwaweza kuwa maangamizo? Mwaka 1953 daktari wa Kiingereza Jeremy Morris na wenzake walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya London. Waliwalinganisha madereva, walioshinda wamekaa, na makondakta, walioshinda wakipanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa. Maradhi ya moyo yaliwapata madereva zaidi kuliko makondakta. Kabla ya hapo, mwaka 1940, London ilipokuwa ikipigwa mabomu, Dakta Keith Simpson alieleza vifo vya ghafla vya watu waliokuwa katika mahandaki. Hao hawakuuawa na bomu. Walikaa usiku kucha juu ya viti, damu ikaganda katika mishipa ya miguu, na bonge la damu likapanda mpaka mapafuni. Na mwaka 2003 madaktari wa New Zealand walieleza habari za mgonjwa aliyepatwa na mabonge kama hayo baada ya kukaa saa nyingi kila siku mbele ya kompyuta.

Sababu yake si ngumu kufahamika. Moyo huipeleka damu miguuni, lakini kuirudisha juu unahitaji msaada wa misuli ya mashavu ya miguu, ambayo huikamua mishipa kila mtu anapotembea. Anapokaa bila kutikisika, damu hutuama kama maji ya mfereji ulioziba. Aidha, msuli unaofanya kazi huchota sukari kutoka katika damu, na msuli uliolala hauchoti kwa kadiri hiyo. Ndiyo maana kukaa sana kumehusishwa na kisukari pamoja na maradhi ya moyo. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba safari ya kukaa kwa saa 4 au zaidi, iwe ya ndege, treni, basi au gari, huongeza hatari ya damu kuganda takriban mara mbili. Kwa mtu mmoja mmoja hatari hiyo ni ndogo, kiasi cha mtu 1 kati ya 6,000, nasi hatupendi kumtia mtu hofu. Lakini msafiri wa basi la Mbeya hadi Dar es Salaam husafiri mara chache kwa mwaka, na mpenzi wa benchi husafiri kila jioni bila ya kufika popote.

Hapa nchini, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionesha kwamba takriban robo ya watu wazima wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na karibu mtu 1 kati ya 11 alikuwa na kisukari. Hatusemi kwamba wote hao walidhuriwa na kukaa, kwani chumvi, unene, tumbaku na urithi vina sehemu yao. Lakini baba wa familia anapoangushwa na kiharusi, watoto hawaulizi ni sababu ipi iliyotangulia. Huuliza nani atalipa ada ya shule.

Mtume wetu (S.A.W.) alimfundisha Abdullah bin Amr (R.A.), aliyekuwa akifunga na kusimama usiku kupita kiasi, kwamba mwili wake una haki juu yake. Ikiwa ibada yenyewe haikuruhusiwa kuula mwili, vipi bao na mpira?

Tiba ya kwanza tunayo. Adhana inapolia, inuka. Hatusemi kwamba Swala ni mazoezi ya viungo. Swala ni ibada, na anayeiswali kwa nia ya kunyoosha mgongo amepoteza nia yake. Lakini katika rehema za Mola wetu ni kuwa amezigawa nyakati za mchana na usiku kwa namna isiyomwacha mtu akae mno. Nenda msikitini kwa miguu. Banu Salima walipotaka kuhamia karibu na msikiti wa Madina, Mtume (S.A.W.) aliwataka wabaki katika majumba yao, kwa kuwa hatua zao zinaandikwa.

Baina ya Swala na Swala, simama kila baada ya nusu saa, tembea kidogo, kunja na kunjua miguu. Mapumziko ya mpira yawe ya kusimama. Wazee wa drafti waweke desturi kwamba anayeshindwa ainuke ampishe mwenzake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za harakati za wastani kwa wiki, na mtoto wastani wa dakika 60 kwa siku. Kwenda na kurudi msikitini dakika 25 kwa siku hutimiza kiasi hicho cha mtu mzima. Na anayeona mguu mmoja umevimba na kuuma, au pumzi imembana ghafla na kifua kinachoma, asikae kungoja mchezo uishe, bali akimbizwe hospitali.

Enyi akina mama, mnapomwita baba au mwana aje nyumbani, msione mnamnyima starehe yake, mnamhifadhi. Siku ya Kiyama kila mmoja ataulizwa juu ya mwili wake, aliuchakaza katika nini. Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie afya tutakayoitumia katika twaa yake. Amin.