Dalali kasema tambarare, ramani inasemaje?

Leo siasa pembeni kidogo, tupige jiografia.

Mjomba wangu anauza samaki hapa Feri na amedunduliza sana hela ya kiwanja. Juzi dalali kamletea eneo upande wa vilima vya Pugu, akaapa ni "tambarare kabisa, mkokoteni unafika mlangoni". Akataka na malipo ya awali jioni ileile! Mimi nina shiti ya ramani ya 1:50,000 tangu sekondari, basi nikaitoa.

Kwa skeli hiyo sentimita 1 ni mita 500 ardhini. Ile mistari ya kahawia inayojipindapinda ndiyo kontua, kila mmoja unapita sehemu zenye kimo kimoja kutoka usawa wa bahari. Pembeni imeandikwa tofauti ya mstari na mstari ni mita 20. Angalieni sana hapo, shiti nyingine za zamani zinatumia futi, na futi 50 ni kama mita 15 tu.

Nikaweka rula kutoka kontua ya chini, pale barabarani, hadi ya juu penye kiwanja. Mistari minne. Hapa ndipo nilipochemsha kwenye mtihani: mistari minne ina nafasi TATU, kwa hiyo kupanda ni mita 60, siyo 80. Rula inasoma sentimita 0.8, yaani mita 400. 60 gawa kwa 400 ni 0.15. Asilimia 15!

Kwa nyuzi ni kama 8.5, zinasikika ndogo (asilimia 100 yenyewe siyo ukuta, ni nyuzi 45). Lakini Feri hadi Kariakoo ni kilometa 2 na kitu. Hata ungepanda mita 20 nzima njiani, ni asilimia 1 tu, na bado jamaa wa mikokoteni wanalowa jasho. Sasa zidisha mara 15, pakia na madumu ya maji. Nyumba ya mita 10 kwenye mteremko huo, upande mmoja unakuwa chini kwa mita 1 na nusu. Mawe na saruji ya msingi huo analipa dalali?

Ila tusimwonee. Ramani haionyeshi kila kibonde kilichojificha katikati ya kontua mbili, huenda kiwanja chenyewe kimekaa pabapa. Mjomba kamwambia asubiri, Jumapili tunaenda wote kuona kwa macho.

Tangu jana dalali hapokei simu.