Kupanda Basi kwa Kiingereza

Mwanachama mwenzangu, hebu angalia. Tukisema "napanda basi", mwendo na uelekeo vyote vimo katika kitenzi kimoja. Mwingereza huchukua "get" kisha huongeza "on". Na teksi je? Hapo ni "get into", na kushuka ni "get out of", sio "get off" ya basi. Kwa nini? Ndani ya basi au meli unasimama, unatembea. Teksi unajikunja tu.

Wengi wetu huandika "enter into the classroom", na alama inakwenda hivyo hivyo! "Enter" ni ingia yetu, haitaki kihusishi. "Go to Malindi" sawa, lakini nyumbani ni "go home" tu. Kilifi, kabla ya daraja la 1991, watu walivuka kwa feri. "Cross the creek" nayo inajitosheleza, kama vuka.