Kipunji wa Rungwe: Mnyama Mmoja, Taarifa za Watu Wengi



Kamati za sharika hutuuliza kwa nini mradi wa mazingira unadai kila kitu kiandikwe: jina la mti, kijiji, tarehe. Wafadhili nao huuliza maandishi hayo yatamfaa nani. Tutajibu kwa habari za kipunji, mnyama wa kwetu.

Wawindaji wa Kinyakyusa walimtaja tangu zamani kuwa kima mwenye haya. Watafiti wa shirika la uhifadhi la WCS waliposikia, hawakuwa na hakika kama ni mnyama halisi au wa simulizi, maana wazee huwataja wote pamoja. Mwaka 2003 wakamwona katika msitu wa Mlima Rungwe. Mwaka 2004 watafiti wengine, wasiojua habari hizo, wakamwona kima yule yule katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa. Makundi hayo yalipofahamiana yaliunganisha maelezo, picha na sauti, yakamtangaza pamoja mwaka 2005. Mzoga haukuwepo, hivyo picha ilitumika kuwa kielelezo. Wakamweka katika kundi la mangabe wakaao mitini, liitwalo Lophocebus.

Mwaka huo huo kipunji mmoja alikutwa amekufa katika mtego wa mkulima, kwenye shamba la mahindi huku Rungwe. Alipelekwa katika makumbusho ya Field, Chicago. Fuvu lake lilifanana na la mangabe, lakini vinasaba vikaonyesha kuwa ndugu yake wa karibu ni nyani (hawa hawa wanaotumalizia mahindi). Mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, kwa heshima ya mlima wetu.

Vinasaba hivyo huhifadhiwa katika hazina ya GenBank, Marekani, ambako mtafiti yeyote huvisoma bila malipo. Wengine walivilinganisha na vya nyani wa Tanzania, wakaona kwamba vile vinavyorithiwa kwa mama viliingia ndani kabisa ya ukoo wa nyani. Je, kipunji ni chotara? Mwaka 2010 vikaongezwa vya Ndundulu, navyo havikuwa na alama hiyo. Inaelekea, basi, kwamba zamani sana kipunji wa huku walizaliana na nyani, na wale wa Ndundulu hawakufanya hivyo. Kwa kutazama msitu mmoja tu, jambo hilo lisingejulikana.

Ugumu wa kuunganisha taarifa hauko sana katika kompyuta, uko katika majina. Mnyama huyu mmoja ameandikwa Lophocebus, Rungwecebus, kipunji, na Waingereza kwanza walimwita mangabe wa nyanda za juu. Anayetafuta jina moja hukosa yaliyoandikwa kwa mengine, mpaka awepo mtu wa kuyaoanisha. Mahali nako ni vivyo hivyo: ukiandika "msitu wa Rungwe" tu, hakuna ajuaye ni upande gani. Hapa nchini kazi ya kuoanisha kumbukumbu za viumbe hufanywa na mtandao wa TanBIF chini ya COSTECH.

Faida yake ni kubwa. Sensa iliyotolewa mwaka 2008 ilihesabu kipunji 1,117: Rungwe na Livingstone 1,042, Ndundulu 75 tu. Mwaka huo akaorodheshwa miongoni mwa wanyama walio hatarini kabisa kutoweka, na mwaka 2009 msitu wa Mlima Rungwe ukawa hifadhi ya mazingira asilia. Lakini kati ya Rungwe na Livingstone kuna ushoroba mwembamba wa Bujingijila, uliokatwa miti sana. Ukifungwa, kipunji wa pande hizo mbili hawatakutana tena.

Kwa hiyo tunaziomba kamati: jina liandikwe kwanza kwa Kinyakyusa, kama mwenyeji anavyolitamka, kisha kitongoji na tarehe. Kila kima asiandikwe "nyani" kwa kurahisisha. Madaftari mapya yanapatikana ofisi ya miradi, Tukuyu.