Upepo, Mbalamwezi na Ndagala: Majira ya Samaki katika Ufuko wa Swima

Mgeni afikaye Swima, katika eneo la Fizi, jimbo la Kivu ya Kusini, huenda akadhani kwamba wingi wa ndagala hutegemea mvua. Sababu kubwa zaidi ni upepo, tena upepo uvumao mbali na ufuko huo.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, na kina chake hufikia mita 1,470. Maji ya juu ni ya vuguvugu na mepesi. Ya chini ni ya baridi kidogo, hayana oksijeni, lakini yamejaa virutubisho. Matabaka hayo mawili hayachanganyiki kwa urahisi. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini-mashariki, ambao mtu wa pwani angeuita kusi, husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na maji ya chini huibuka upande wa Mpulungu, Zambia. Upepo ukitulia, maji yaliyorundikana hurudi, ziwa huyumba ndani kwa ndani mithili ya beseni lililoinamishwa kisha likaachiliwa, na sehemu ya virutubisho hupanda kaskazini pia. Ndipo mimea midogo ya majini hustawi. Vijidudu huila, ndagala huwala vijidudu, na mukeke (ndiye mgebuka wa Kigoma) huwafuata ndagala.

Hata hivyo, kuwapo kwa samaki si sawa na kupatikana kwake. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi inapong'aa, taa hupoteza mvuto wake na mitumbwi hupumzika. Soko likikauka siku hizo, haifai kusema kwamba ziwa limeishiwa.

Lililo zito zaidi ni joto. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa ziwa limepata joto na upepo umepungua. Wakakadiria kwamba uzalishaji wa mimea hiyo umeshuka kwa asilimia 20 hivi, na kwamba mavuno ya samaki yangeweza kushuka kwa asilimia 30.

Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake wa ziwa tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, yaani katikati ya msimu wa upepo. Hatua hiyo yaweza kuwapa samaki wachanga nafasi ya kukua. Haiwezi kupandisha virutubisho ambavyo upepo hafifu umeviacha chini. Tarakimu za mavuno ya kaskazini, basi, zingefaa kusomwa sambamba na vipimo vya upepo wa kusini.