Wanawake Wasukao Pamoja na Riwaya ya Mapenzi ya Kale

Ketini vizuri, fungueni madaftari yenu, tuanze somo letu.

Leo nataka kuwaeleza habari za riwaya ya mapenzi ya kale. Riwaya ni hadithi ndefu iliyoandikwa. Watu wake wametungwa na mwandishi. Lakini ikiwa ni riwaya ya kale, basi nchi yake, miaka yake na desturi zake hutokana na mambo yaliyokuwako kweli. Ni kama mkeka wa rangi mbili: rangi moja ni kweli, ya pili imetungwa. Msomaji mwema hujua kuzipambanua.

Kwa nini kundi la wanawake?

Huko Marekani iko desturi ya wanawake kuketi pamoja, wakaunga vipande vya nguo kwa sindano mpaka vikawa blanketi moja la viraka. Mikono hushona, na midomo husimulia. Hapo binti husikia jinsi bibi yake alivyochumbiwa, na nani alipendwa, na nani aliachwa. Kwa hiyo waandishi hupenda kuanzia hadithi zao mahali kama hapo. Mwandishi mmoja, Whitney Otto, alitoa riwaya ya namna hiyo mwaka 1991, na ndani yake washonaji wana visa vyao vya mapenzi.

Kwetu akina mama husuka mikeka na vikapu. Nanyi mnajua, jambo ambalo mama huona haya kumwambia binti yake uso kwa uso, humwambia huku macho yakitazama kazi.

Kitabu cha jirani zetu

Katika kisiwa cha Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria, alizaliwa Aniceti Kitereza mwaka 1896. Alisoma Rubya, katika mkoa wetu huu wa Kagera. Alitunga riwaya kwa lugha ya Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945. Jina lake ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka.

Ni hadithi ya mume na mke wa zamani waliopendana lakini hawakupata mtoto. Maneno ya jamaa ya mume yakazidi, na wazazi wa mke wakamchukua binti yao. Mume hakuoa mwingine akamsahau. Alikwenda ukweni kumwomba mkewe, akatakiwa alete pombe ya ndizi, naye akahangaika mpaka akaipata. Katika safari zake msomaji hujifunza jinsi watu wa kale walivyolima, walivyovua samaki na walivyotibiana.

Kitabu hicho hakikupigwa chapa upesi. Kilitoka mwaka 1980, kwa Kiswahili, baada ya miaka 35. Mwandishi mwenyewe alifariki mwaka uliofuata, 1981. Fikirini: kama mchwa wangeyala yale makaratasi, nani leo angetusimulia mambo yale yote?

Jinsi ya kuipima hadithi

Sasa tufanye zoezi. Tuseme mmoja wenu anatunga hadithi ya mapenzi ya Karagwe ya mwaka 1861. Mwaka huo Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika hapa wakapokewa na Mfalme Rumanyika. Huo ni ukweli. Msichana wa hadithi, ambaye husuka vikapu pamoja na shangazi zake, ametungwa.

Je, yafaa msichana huyo ampe mgeni kahawa ya kutafuna? Yafaa, kwa maana desturi hiyo ni ya kale katika nchi yetu. Je, aweza kuonyeshwa kitambaa cha pamba kutoka pwani? Aweza, kwa sababu wafanyabiashara wa pwani walikuja Karagwe, na Kafuro palikuwa na kituo chao. Je, ashone gauni kwa cherehani? La, hapo mwandishi amekosea. Je, amwandikie mchumba wake barua? La. Msichana wa kijijini wakati ule hakuwa amefundishwa kuandika.

Hapo ndipo ninapotaka msimame kidogo. Msichana yule aliyapeleka maneno yake kwa mdomo, na mdomo ulipofumba, maneno yalikwisha. Ninyi mmejifunza kuandika. Na bado mnao bibi wanaokumbuka walivyoposwa, mahari iliyotolewa, na kazi waliyokuwa wakiisuka siku ile. Hawatakuwa nasi siku zote.

Kazi ya nyumbani

Nenda kwa bibi mmoja wakati anaposuka. Keti, msaidie kazi, kisha mwombe akusimulie jinsi alivyoolewa. Muulize kwanza kama anakubali uandike. Andika sentensi tano tu, pamoja na mwaka, kama anaukumbuka.

Maswali ya kujadili darasani

1. Riwaya ya kale ina mambo ya namna mbili. Yataje.
2. Kwa nini cherehani haifai katika hadithi ya Karagwe ya mwaka 1861?
3. Kitabu cha Kitereza kilingoja miaka mingapi kabla ya kupigwa chapa?

Mwalimu wa darasa atasoma kazi zenu kwa sauti. Kwaherini, mpaka somo lijalo.