Kompyuta ya kuediti video: kusanya hela, usikusanye vipuri

Wengi wetu tulio huku tuna mdogo wetu nyumbani anayeshuti harusi, send-off au mahubiri, na ombi lake ni lile lile: "Dada, nisaidie nipate kompyuta ya kuediti." Wengine ni sisi wenyewe: mkataba ukiisha tunataka kurudi na kazi ya kufanya. Ni ombi zuri, maana hiki ni kitendea kazi, kinaingiza hela. Lakini pia ni hela ya miezi kadhaa ya kufua nguo za watu au kubeba zege juani. Kipuri kimoja kikikataa kuelewana na vingine, jasho lako linalala kabatini.

Kununua vipuri na kuunganisha kuna faida mbili: unalipia kile tu ambacho kazi inahitaji, na kikiharibika kimoja unabadilisha hicho hicho. Ila lazima ujue unachonunua.

Anza na kazi, siyo na duka

Kabla hujauliza bei, muulize mdogo wako mambo matatu. Anashuti kwa kamera gani au simu gani? Wateja wake wanataka Full HD au 4K? Anatumia programu gani?

Simu na kamera nyingi hubana video kwa mtindo wa H.264 au H.265. Video ya hivyo haili nafasi sana, ila kuifungua ni kazi nzito, na hapo ndipo mashine dhaifu inapokwama-kwama.

Kuhusu programu, DaVinci Resolve ina toleo la bure linalotoa video hadi 3840 kwa 2160, yaani 4K ya kawaida. Kwa harusi inatosha kabisa. Hiyo inategemea sana kadi ya picha. Premiere Pro hulipiwa kila mwezi, kwa hiyo iweke kwenye hesabu tangu mwanzo, la sivyo utaombwa hela ya programu kila mwisho wa mwezi.

Hela iende wapi

*Prosesa.* Kwa Full HD, yenye kore 6 inatosha. Kwa 4K tafuta 8 au zaidi. Ukichukua Intel, angalia herufi ya mwisho. Core i5-12400 ina kadi ya picha ndani yake inayosaidia kufungua H.264 na H.265. Core i5-12400F haina. Majina yanafanana, na muuzaji mwenye haraka atakwambia ni kitu kimoja. Siyo kitu kimoja.

*Kadi ya picha.* Angalia memori yake. Kwa 4K usishuke chini ya GB 8. RTX 3060 imetoka ya GB 12 na ya GB 8, kwa jina lile lile, kwa hiyo soma boksi.

*RAM.* GB 16 kwa Full HD, GB 32 kwa 4K. Nunua vijiti viwili vinavyofanana, siyo kimoja kikubwa, maana viwili vinafanya kazi kwa kasi zaidi.

*Madabodi.* Hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Prosesa za AMD za soketi ya AM4 hutumia RAM ya DDR4. Za AM5 hutumia DDR5 tu. Intel za soketi ya LGA1700 zina madabodi za aina zote mbili. DDR4 haiingii kwenye nafasi ya DDR5 hata ukiilazimisha. Prosesa, madabodi na RAM vichaguliwe pamoja, kama sufuria na mfuniko wake.

*Hifadhi.* Piga hesabu. Kamera inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula GB 45 kwa saa. Harusi ya saa 6 kwa kamera mbili ni GB 540. Kwa hiyo SSD ya GB 256 ni utani. Weka SSD ya NVMe ya TB 1 kwa kazi inayoendelea, na hadi diski ya kawaida kwa kazi zilizokwisha, maana hiyo ni ya bei nafuu kwa kila GB.

*Pawa saplai.* Usibane hela hapa. NVIDIA wanapendekeza wati 550 kwa RTX 3060. Nunua ya kampuni inayojulikana, maana pawa saplai mbovu ikiungua inaweza kuondoka na vingine. Umeme wetu wa kukatika na kurudi kwa nguvu unadai na UPS pia.

Kasha la kioo, feni za taa za rangi, kiti cha michezo ya kompyuta: hivyo havimalizi harusi hata moja. Acha.

Kwa nini usinunue kimoja kimoja

Wengi tumezoea kujenga nyumba kwa mtindo huu: mwezi huu mifuko ya saruji, mwezi ujao bati. Kwa kompyuta mtindo huo unakula hela. Huwezi kupima prosesa bila madabodi, wala madabodi bila RAM na pawa saplai. Ukinunua prosesa Januari na kipuri cha mwisho Novemba, ubovu utauona Novemba, waranti ya kile cha kwanza ikiwa ukingoni au imekwisha. Na bei nazo hazitulii: mwishoni mwa 2025 RAM ilipanda sana, na orodha nyingi zilizopangwa kwa bei ya zamani zilivurugika.

Kwa hiyo weka hela, kila mwezi kiasi kile kile, mahali ambapo shida za nyumbani haziifikii kirahisi. Ikitimia, nunua vyote ndani ya wiki moja.

Na usitume hela mbichi ukisema "ya kompyuta". Unajua inavyokuwa: ikifika, kuna ada, kuna msiba, kuna paa linalovuja. Mwambie mdogo wako alete bei ya duka iliyoandikwa kipuri kwa kipuri, kisha lipa duka moja kwa moja. Kutuma mara moja pia kunaokoa ada ya kutuma mara tano.

Huku au nyumbani?

Gawanya. Prosesa, RAM, SSD na kadi ya picha ni vidogo, vina thamani, vinabebeka. Ukiwa Dubai, mtaa wa Khalid bin Al Waleed kule Bur Dubai umejaa maduka ya kompyuta. Kasha, skrini na UPS vinunuliwe nyumbani, kwa kuwa vinakula kilo na ni rahisi kuharibika njiani.

Uliza waranti kwanza. Nyingi zinatumika nchi ulikonunulia tu. Kama bei ya huku imepishana kidogo na ya Kariakoo au Luthuli Avenue, nunua nyumbani, urudishe kwa miguu kikisumbua. Weka risiti zote, na uulize TRA au KRA kuhusu kodi kabla ya kusafiri. VAT ya kawaida ni asilimia 18 Tanzania bara na 16 Kenya, na inaweza kumeza faida yote ya bei.

Mlioko Marekani: umeme wa huko ni volti 120, wetu ni 230 hadi 240. UPS ya huko haifai nyumbani. Pawa saplai isomeke 100–240V kwenye kibandiko chake.

Kabla hujatoa hela

Popote utakaponunua, omba fundi wa duka aunganishe mbele yako, hata kama ni kwa malipo kidogo. Mashine iwake, RAM yote ionekane, kadi ya picha itambulike. Kisha njoo na video halisi ya mdogo wako kwenye flashi, iediti na itoe. Ikikwama, bado uko dukani. Kama utasafiri nayo, kadi ya picha itolewe na iwekwe kwenye boksi lake, kwenye mzigo wa mkononi.

Dada mwenye Ijumaa moja tu ya mapumziko kwa mwezi, usiende dukani kuchagua. Nenda na orodha yenye majina kamili hadi herufi ya mwisho. Muuzaji akisema "hii ni sawa na hiyo", mpigie mdogo wako picha ya boksi, msubiri ajibu, ndipo ulipe.