MBWA WA SHAMBA ATAKA MWENDO WA KILA SIKU

Wanachama wengi wafugao mbwa huwafuga kwa sababu moja tu, nayo ni ulinzi wa karafuu. Karafuu huibwa zikiwa mtini, huibwa zikiwa juu ya jamvi, na huibwa zikiwa tayari ndani ya magunia. Basi mtu hutafuta mbwa, akamfunga mnyororo karibu na banda, akampa chakula jioni, akaona kazi imekwisha. Makala haya yaeleza kwa nini kazi haijaisha, na ni mwendo wa kiasi gani mbwa huyo autaka kila siku.

Mbwa aliyefungwa mchana na usiku halindi

Mbwa ameumbwa kwenda, kunusa na kufuata. Akizuiwa mahali pamoja siku nzima, nguvu zake hutafuta njia nyingine ya kutokea. Huchimba mashimo, hutafuna kamba, huzunguka mti mpaka majani yote chini yakaisha, na hubweka kila kuti likianguka. Mbwa abwekaye usiku kucha ni sawa na asiyebweka, kwani mwenye shamba huizoea sauti ile akalala, na mwizi ajapo kweli hakuna atokaye kutazama.

La pili ni baya zaidi. Mbwa asiyeona watu huwaogopa, na mbwa mwenye hofu ni mwepesi wa kuuma. Msimu ukifika shamba hujaa wachumaji, na watoto huja kuokota karafuu zilizoanguka. Mnyororo ukikatika siku hiyo, atakayeumwa huenda asiwe mwizi.

Kiasi chake

Waganga wa mifugo hushauri kwamba mbwa mzima mwenye afya apate mwendo wa nusu saa mpaka saa 2 kila siku, kwa kadiri ya asili yake, umri wake na kazi yake. Mbwa wa kwetu, mwenye mwili wa kadiri na miguu myepesi, yafaa apate kiasi cha saa moja, nusu saa asubuhi na nusu saa jioni. Mbwa wa msasi, ambaye amezoea kukimbiza nguruwe vichakani, ataka zaidi ya hapo siku zisizo za kusaka.

Nusu saa hiyo si lazima itafutwe barabarani. Tuchukue shamba la eka 3, kama yale yaliyogawiwa baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964. Likiwa mraba, mzingo wake ni karibu mita 440. Mtu akilizunguka mara 5 kwa mwendo wa kawaida atakuwa amekwenda kilomita 2 na zaidi, naye atatumia nusu saa. Faida yake ni mbili kwa pamoja. Mbwa hujifunza mipaka na harufu za shamba lake, hata harufu ngeni ikiingia huitambua mara moja. Na mwenye shamba huona tawi lililovunjwa, njia mpya iliyopenywa, au mkarafuu ulioanza kukauka. Mwache mbwa asimame na kunusa, kwani kunusa ni sehemu ya kazi yake.

Saa ya kutoka

Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hutoka kidogo tu nyayoni. Hujipoza kwa kuhema, ulimi ukiwa nje. Katika hewa yetu yenye unyevu mwingi kuhema hakumpozi upesi, na kwa hiyo jua la mchana humdhuru kuliko mtu. Mtoe baada ya sala ya Alfajiri kabla jua halijapanda, na tena baada ya Alasiri jua likishapoa. Weka kiganja chako juu ya lami au sakafu ya kuanikia. Ikiwa huwezi kustahimili, nyayo zake pia haziwezi.

Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kiasi cha digrii 38 mpaka 39. Likifika 41 yuko hatarini. Ukimwona anahema kwa nguvu mno, mate yamekuwa mazito na anapepesuka, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, kisha mtafute mganga. Maji ya kunywa yawepo siku zote. Wala usimkimbize mara tu baada ya kula. Ngoja kiasi cha saa moja.

Mdogo, mzee na mgonjwa

Mtoto wa mbwa asipewe mwendo wa mkubwa. Mifupa yake bado yakua, na kwa mbwa wa mwili mkubwa hukua mpaka mwaka mmoja na zaidi. Mpe safari fupi fupi, mwache acheze, na akilala usimwamshe. Mbwa mzee naye asiachwe amelala tu, kwani viungo vyake hukaza. Mpeleke polepole, muda mfupi, mara nyingi zaidi.

Dalili zitakuongoza. Mbwa arudiye akanywa maji, akalala kwa utulivu na usiku akaamka kwa sababu tu, amepata kiasi chake. Aburutaye miguu njiani, au achechemeaye kesho yake, amezidishiwa. Anenepaye mpaka mbavu hazishikiki kwa mkono, amepunjwa mwendo au amezidishiwa chakula.

Twahara na usafi wa karafuu

Wako waonao haya kutembea na mbwa. Ikumbukwe kwamba sharia imeruhusu mbwa wa kusaka, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba; na aliyemweka kwa ruhusa hiyo ana wajibu wa kumtunza. Tumia ukanda wa shingoni na kamba ndefu, na uwe na nguo za kazi hiyo mbali na nguo za kusalia. Kwa madhehebu ya Shafi, kilichopatwa na mate yake huoshwa mara 7, moja kwa udongo. Mzoeze mbwa tangu mdogo asikanyage jamvi wala sakafu ya kuanikia. Mbwa aliyekwisha kwenda mwendo wake hufundishika. Aliyefungwa siku nzima, akifunguliwa hurukia chochote.

Chanjo kwanza

Mbwa atembeaye hukutana na mbwa wengine, kwa hiyo achanjwe kichaa cha mbwa kabla ya yote, na chanjo irudiwe kama mganga atakavyoagiza. Pemba yatufundisha. Kwa chanjo ya kisiwa kizima ugonjwa huo ulikwisha mwezi wa Mei 2014. Chanjo ikalegea, na mwishoni mwa 2016 ugonjwa ukaingia tena. Chanjo iliporudishwa, ukakomeshwa Oktoba 2018. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile. Asingoje dalili, kwani dalili zikionekana takriban hakuna aponaye.

Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Na mbwa wa mwenye shamba azungukaye shamba lake atalijua kama bwana wake alijuavyo. Msimu haujafika bado wakati wa kuanza upo. Anza kwa dakika 10 asubuhi na 10 jioni, ongeza kidogo kila wiki, na wachumaji watakapoingia shambani, mbwa wako atakuwa amekwisha kujua nani mgeni wa heri na nani si wa heri.